Nani Alionja Leo?

Juma lililopita jirani yangu alichoma maganda ya ndizi nyuma ya nyumba yake. Anatengeneza sabuni, aliniambia, ile sabuni nyeusi ya kuuza sokoni. Moshi uliingia jikoni kwangu bila hodi, nami nikaacha kupepeta mchele, nikasimama na ungo mkononi kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utoto. Harufu ile si nzuri. Ni kali, inakwaruza koo, na ndani yake mna uchungu kama wa dawa ya mizizi. Lakini wenzangu wa rika langu, hasa mliozaliwa upande wa Kabambare, mnaijua. Hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya chumvi.

Chumvi ya mama yangu ilitoka motoni. Alikusanya majani yanayoota majini, kule kwenye kijito chetu, akayaanika, akachanganya na maganda ya ndizi, akayachoma mpaka yakabaki majivu meupe. Majivu aliyatia katika chungu kilichotobolewa chini na kuzibwa kwa nyasi kavu, akamwagia maji polepole, na chini yake yakadondoka maji ya rangi ya chai. Hayo aliyachemsha hadi yakakauka, na kilichobaki kilikuwa ukoko wa kijivu alioufunga katika majani na kuutundika juu ya meko. Tuliuita munyu. Haukuwa na nguvu nyingi. Chungu kimoja cha sombe, yale majani ya muhogo, kilitaka konzi nzima, na bado mama angerudi kuongeza. Kisha alichovya mwiko, akadondosha tone kwenye kiganja changu.

"Onja, mukubwa."

Nilikuwa mkubwa, maana nilikuwa wa kwanza. Feza, mdogo wangu, alikuwa wakati huo mgongoni mwa mama au amelala kwenye mkeka. Kuonja kulikuwa kwangu. Nilipeleka ulimi kiganjani, nikafikiri kidogo, nikatoa hukumu. Mama aliifuata hukumu yangu hata nilipokosea, na tulikula chakula chapwa tukinyamaza, kwa heshima ya ulimi wangu.

Baba alifia kwenye machimbo ya dhahabu, upande wa Salamabila, alikokwenda kwa kazi ya mkataba. Tuliletewa blanketi lake na kikombe. Mama alimfuata baada ya miezi michache, yeye pamoja na mtoto aliyekuwa akimzaa. Mimi nilikuwa na miaka kama kumi na mmoja, Feza saba. Nilikuwa nimesoma miaka miwili kwa katekista wa kijiji, nikijua kuunganisha herufi mpaka zikawa neno. Mjomba alikaa nasi mpaka matanga yalipokwisha, kisha akasema kile ambacho desturi ilimtaka aseme: watoto ni wa upande wa baba. Tukafunga vitu vyetu tukatembea siku nne hadi Kasongo, kwa dada ya baba ambaye hatukuwahi kumwona.

Shangazi alikuwa ameolewa na fundi wa cherehani, Mzee Sumaili, Mwislamu wa ukoo wa zamani wa pale mjini. Naye aliingia dini ya mume wake. Alitupokea uani, mikono ikiwa na unga wa muhogo. Alimshika Feza kidevu, akamgeuza uso huku na huku, machozi yakamtoka.

"Huyu iko na paji la kaka yangu. Angalia! Hata namna ya kukunja uso."

Kisha akanigeukia mimi. Aliniangalia kwa muda, akasema, "Na huyu ni wa mama yake kabisa."

Hakusema kwa ubaya. Najua hivyo sasa. Lakini nilikuwa nimembeba Feza mgongoni siku mbili kati ya zile nne, miguu yangu ilikuwa imechanika, na kumbe alikuwa amekuja na paji la uso ambalo lingemfungulia milango, na mimi nimekuja na sura ya marehemu ambaye shangazi, kama nilivyokuja kujua, hakuwahi kumpenda sana. Ndiyo mara ya kwanza nilipousikia wivu ukikaa tumboni, baridi, kama maji ya asubuhi kabla ya chakula.

Tulifika siku mbili kabla ya mwezi wa Ramazani. Kwetu tuliijua Kwaresima ya katekista, ambayo watu wazima waliihubiri zaidi kuliko kuifunga. Hapa mfungo ulikuwa mfungo. Nyumba nzima ilinyamaza mchana, cherehani ya Mzee Sumaili ilikwenda polepole, na jioni ndipo jiko lilipopamba moto: uji wa mchele, vitumbua, sombe yenye mawese, na samaki wa mto Lualaba walioletwa kutoka Nyangwe. Wanawake wengine walipopika walionja kwa ncha ya ulimi wakatema. Shangazi hakukubali. "Mate hayana mulango," alisema. Miaka yote binti zake walimwonjea, lakini wote wawili walikwisha kuolewa, mmoja huko Nyangwe, mwingine mbali zaidi.

"Sasa Mungu ameniletea ndimi mbili zisizofunga," alisema, akacheka. "Mukubwa, kuya hapa. Weye ndiye utaonja."

Sijui kama mnaelewa neno lile lilinifanya nini. Tangu mama afe hakuna aliyekuwa ameniita mukubwa. Nilinawa mikono mara mbili. Shangazi aliniachia sufuria ya samaki, akaniwekea kibati cha chumvi, akaenda kuosha mchele. Chumvi ile ilitoka duka la Mgiriki. Ilikuwa nyeupe, yenye punje kubwa, inang'aa. Nilichota konzi, kama ya mama, nikaitupa. Nikakoroga. Nikadondosha tone kiganjani mwangu, nikaonja.

Iliuma ulimi. Lakini nilikuwa nikitafuta kitu kingine. Nilikuwa nikitafuta ule uchungu wa nyuma, ule unaobaki kooni baada ya kumeza, kwa sababu kwangu huo ndio uliokuwa chumvi. Sikuupata. Nikasema moyoni: bado haijakolea. Nikaongeza nusu konzi. Nikaonja tena, sikuupata. Nikaongeza.

Jua lilipozama, Mzee Sumaili alikunywa uji, akamega bugali, akachovya kwenye mchuzi wa samaki. Aliacha kutafuna. Akanywa kikombe cha maji, akaomba cha pili. Kisha akauliza kama alivyouliza kila jioni ya Ramazani katika nyumba ile:

"Nani alionja leo?"

Nilikuwa nimekwisha kuambiwa desturi yao. Aliyeonja hutajwa, na mzee humwombea: ulimi wake usione njaa. Nilikuwa nimeingoja dua hiyo tangu adhuhuri.

"Ni mukubwa," alisema Shangazi kwa sauti ndogo.

Mzee alinitazama, akafuta midomo. "Mwanangu," akasema, "samaki huyu alikufa mara moja kule Lualaba. Sasa weye umemuua mara ya pili."

Walicheka. Naye hakuwa mkali. Lakini Mama Shabani, jirani aliyekuwa ameleta bakuli la vitumbua, hakuweza kuiacha hapo. Alikuwa mwanamke mwenye mdomo uliotangulia miguu.

"Si kosa yake! Huyu ni mutu wa munyu. Kule kwao wanakula majivu, sasa ameona chumvi ya kweli, akasema ni unga!"

Kuanzia siku hiyo watoto wa mtaa waliniita Munyu. "Munyu, unaenda maji?" "Munyu, chunga usiyeyuke, mvua inakuja!" Neno ambalo kwetu lilikuwa jina la kitu cha thamani, kitu kilichotundikwa juu ya meko mbali na panya, huku mjini likawa kicheko. Na kesho yake, mchana ulipoinama, Shangazi alisimama juu ya sufuria, mwiko mkononi, akaangaza macho uani. Nilikuwa nimekwisha kusimama.

"Feza," akaita. "Kuya hapa, baba yangu. Fungua mukono."

Alimwita 'baba yangu' ingawa ni msichana, kwa ajili ya lile paji la ukoo wao. Feza alikuja mbio, akakunjua kiganja chake kidogo. Alionja, akakunja uso.

"Iko sawa?"

"Inataka kidogo, Shangazi."

Shangazi akatupa punje chache. Feza akaonja tena, akatikisa kichwa kukubali. Jioni Mzee Sumaili alikula, akalamba kidole. "Nani alionja leo?" "Ni Feza." "Ulimi wake usione njaa." Na watu wote kwenye mkeka wakaitikia, amina.

Mama alikuwa amempikia Feza kwa munyu uleule alionipikia mimi. Lakini Feza alikuwa mdogo, ulimi wake ulisahau upesi. Mimi nilimwonea wivu hata kwa hilo. Mtu alikuwa amemsahau mama kwa mwendo wa siku nne, na kwa kusahau huko akapewa dua.

Siku zilikwenda hivyo. Mimi nilitwanga sombe mpaka mabega yakafa ganzi. Mimi nilileta maji na kuni, mimi nilipuliza moto huku machozi yakinitoka, na nilikuwa radhi machozi hayo yawe ya moshi. Kisha ilipofika ile saa ambayo chakula kinakuwa chakula, mkono ulioitwa ulikuwa wa Feza. Nilijifunza kumchukia kwa vipande: kile kiganja, kile kichwa kinachotikisika, lile paji. Usiku alilala akiwa amenishika nguo, na mimi nilikuwa nikiitoa mikono yake kidole kimoja kimoja. Kwa siri nilianza kulamba mwiko kabla ya kuuosha. Kila siku nililamba, nikauzoesha ulimi wangu ile chumvi ya dukani, nikaufundisha usitafute uchungu. Ilichukua kama siku kumi. Siku nilipoonja mchuzi nikaona umekolea barabara, nilikaa chini kando ya kinu, sikufurahi hata kidogo. Nilijua nimefuta kitu.

Katikati ya mwezi alikuja katekista wa misioni. Nilikuwa nyuma ya ua nikiosha mchele, nikasikia yote.

"Mama, padri ameuliza habari ya watoto. Wamebatizwa. Hawawezi kukulia nyumba ya Waislamu."

"Hawa ni damu ya kaka yangu," Shangazi alisema. "Nyumba yangu iko na ubaya gani?"

"Si mimi, mama. Nimetumwa."

"Basi mwambie aliyekutuma. Wawili, hapana. Mumoja nitamupa, baada ya Idi, atalala kule kwa masere. Mwingine anabaki na miye."

"Yupi?"

"Nitaangalia. Yule anayefaa jikoni ndiye anabaki."

Masere ni wale watawa wa kizungu wenye nguo nyeupe. Leo mtu akisikia mtoto anapelekwa kwao, atamfurahia. Lakini mimi nilitoka kijijini, na kule kwetu mtoto wa masere alikuwa tusi. Ni yule asiye na mtu, yule ambaye hakuna sahani inayomngoja popote. Nilimwona mmoja tu maishani, msichana aliyenyolewa kichwa, akipita nyuma ya machela ya mgonjwa. Mama aliniambia nisimwonyeshe kidole. Kwa akili yangu, kwenda kwa masere ilikuwa kutupwa kwa adabu. Kubaki jikoni ilikuwa kupendwa. Na mwenye kufaa jikoni, kila mtu alijua, alikuwa Feza.

Mchele ulinimwagikia nusu, nikauokota punje kwa punje pamoja na mchanga wake.

Zikiwa zimebaki siku chache mwezi uandame, Mzee Sumaili alialika wageni kufuturu: mwalimu wa chuo cha Kurani, wazee wawili wa msikitini, na karani mmoja wa ofisi ya serikali ambaye alikuwa amemshonea suti. Shangazi alichinja kuku wawili. Tangu asubuhi alikuwa akitembea kama mtu mwenye yai kichwani. Alasiri alimwita Feza, akamdondoshea mchuzi kiganjani.

"Onja vizuri, baba yangu. Leo ni heshima ya mzee."

Feza alionja mara mbili. "Iko sawa, Shangazi. Iko sawa kabisa."

Shangazi alishusha pumzi, akachukua birika la maji akaenda kutawadha. Feza alikwenda kupanga vikombe mlangoni. Nilibaki mimi na moto. Kibati cha chumvi kilikuwa palepale, kwenye jiwe la tatu la meko. Nilichota konzi moja, konzi ya mama yangu, nikaitupa katika sufuria ya kuku, nikakoroga, nikafunika.

Sitasimulia uso wa Mzee Sumaili alipokiweka kipande cha kwanza mdomoni mbele ya wageni. Mwalimu wa chuo alitafuna kwa subira ya mtu wa Mungu. Karani wa serikali hakuwa na subira hiyo. Alikitoa kipande kinywani, akakiweka kando ya sahani, akaomba maji kwa Kifaransa. Mzee hakuuliza nani alionja. Hilo ndilo lililomuumiza Shangazi kuliko matusi yoyote. Alirudi uani, akamshika Feza bega.

"Ulionja?"

"Nilionja."

"Ilikuwa namna hii?"

Feza alinitazama. Mimi nilikuwa nikisugua kinu ambacho kilikuwa safi.

"Nilikosea, Shangazi," alisema.

"Ulikosea! Mara mbili umeonja, mara mbili umekosea?"

"Nilikosea."

Hakulia. Nilidhani ni ujinga wa mtoto aliyeogopa, asiyeweza hata kujitetea. Nikamdharau, na kumdharau kulinisaidia.

Kesho yake mkono ulioitwa ulikuwa wangu. Nilionja kwa ule ulimi wangu mpya, nikasema inataka punje tano, zikatiwa tano. "Nani alionja leo?" "Ni mukubwa." "Ulimi wake usione njaa." Amina. Ile dua niliyoingoja mwezi mzima ilinishukia, na nilishiba kabla ya kula. Hata Mama Shabani alisema, "Ee, munyu umeingia shule!"

Baada ya Idi katekista alirudi. Mzee Sumaili alikuwa ametushonea magauni mawili ya kitambaa kimoja, na Feza aliondoka na lake mwilini. Shangazi alikuwa chumbani, hakutaka kutoka. Mimi ndiye niliyemfungia kifurushi.

"Yaya," aliniambia, neno letu la dada mkubwa, "Siku ya Mungu utakuja kuniona?"

"Nitakuja."

"Usipokuja, nitajua una kazi."

Alikwenda nyuma ya katekista bila kugeuka, na mimi niliingia jikoni kuwasha moto wangu.

Jumapili ya kwanza nilipokwenda misa nilikaa nyuma, nikatafuta kichwa kilichonyolewa. Sikukiona. Watoto wa masere walikuwa safu ya mbele, magauni ya buluu, nywele zimesukwa. Miezi ilipita, na Siku ya Mungu moja padri alimwita mtoto mmoja asome mbele ya watu. Aliyesimama alikuwa Feza. Alishika kitabu kwa mikono miwili, akakunja lile paji, akasoma. Hakuunganisha herufi kwa kidole kama nilivyokuwa nikifanya mimi kwa katekista. Alisoma kama mtu anayeongea. Watu waligeukiana wakanong'ona, mutoto wa nani huyu? Mikono yangu ilikuwa magotini, inanuka kitunguu, na mawese yalikuwa yamekaa kwenye kucha.

Nilirudi nyumbani nikamwambia Shangazi, nikijitahidi sauti isinisaliti. Alikuwa akichambua mchele. Alitikisa kichwa.

"Mambo ya Mungu. Unajua miye nilitaka kupeleka weye?"

"Mimi?"

"Tangu mulipofika nilijua padri atataka watoto, na weye ulishajua herufi. Nikasema, nitamufundisha mudogo jiko, mukubwa aende akasome. Ndiyo sababu nilimutoa kwenye sufuria... hapana, nilikutoa weye, nikamuweka yeye. Asikie chumvi, azoee. Kumbe mutoto hana ulimi kabisa! Siku ile ya wageni nikasema, huyu jikoni haingii. Basi." Akapuliza makapi. "Leta maji, mukubwa."

Nilileta maji.

Nilikuwa nimeshinda, ndiyo habari yenyewe. Nilipigania jiko nikalipata, na nimelikalia mpaka leo. Sikuondoka. Nilimpikia Mzee Sumaili hadi macho yake yalipokataa sindano, nilimlisha Shangazi kwa kijiko miaka yake miwili ya mwisho, na alikufa akiniita mukubwa. Nililea watoto wangu na wa wengine katika ua uleule. Watu wa Kasongo wakisema mwanamke imara, wananionyesha mimi. Lakini uimara wangu ulikuwa na funza ndani. Feza alipokuja likizo na madaftari, nilichana ukurasa mmoja nikawashia moto, nikasema ni panya. Alipopata kazi ya ukunga hospitalini nilisema mbele za watu Mungu asifiwe, nikaenda nyuma ya nyumba nikatema mate. Yeye ndiye aliyewapokea watoto wangu watatu kwa mikono yake, na wa mwisho alimshika kidole chake kabla hajanishika mimi, na mimi, nikiwa bado natoka damu, nikaona wivu.

Mwaka jana alikuja kukaa nami kwa juma zima. Amestaafu, mvi zimemjaa, lile paji limeteremka kidogo. Ilikuwa posa ya mjukuu wangu, na kijana wangu mkubwa alisimama kuwakaribisha wageni. Akasema maneno ambayo familia yetu imeyasema miaka mingi: kwamba mama yao alijinyima kisomo ili Mama Mudogo asome. Watu walipiga makofi. Feza alinishika mkono akaitikia, ndiyo. Niliirudisha sahani yangu jikoni ikiwa imejaa.

Asubuhi yake tulikuwa wawili uani, tukichambua matembele. Nikamwambia. Nilimwambia yote, konzi, kibati, jiwe la tatu. Niliongea nikiyatazama majani.

"Yaya," akasema. "Nilikuona."

"Uliona nini?"

"Mukono wako. Nilikuwa mulangoni na vikombe."

Matembele yalinidondoka. "Na jana mbona uliitika mbele ya watu?"

"Sasa ningemukatalia mutoto wako mbele ya wakwe? Weye pia!"

"Lakini siku ile, Feza. Siku ile mbona hukusema?"

Alikata shina, akatupa, akachukua jani lingine. Aliongea kama anayeeleza jambo dogo, jambo la kila mtu kulijua.

"Ningesema nini? Nikisema, watakufukuza weye. Weye ulikuwa unamulilia mama kila usiku, unadhani sisikii. Nikasema, Yaya akifukuzwa atakwenda wapi na kilio kile? Bora niende miye. Miye nilikuwa silii."

"Ulikuwa na miaka saba."

"Ndiyo. Nilikuwa naogopa masere sana." Akacheka kidogo, akajifuta jicho kwa mgongo wa mkono. "Niliogopa mpaka nikajikojolea njiani. Katekista alikasirika!"

Alinicheka na kunisukuma bega, na mimi nilicheka naye kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kufanya. Wanasema ukisamehewa mzigo unashuka. Huenda kwa wengine unashuka. Mimi nilikaa pale nikimtazama mdogo wangu akichambua matembele, na wivu ulinishika upya, mkali kuliko wa kanisani, kuliko wa mbele ya sufuria. Miaka yote ile nilidhani alichonipita ni shule.